Jacknife Lee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu anaposoma majina yaliyoandikwa nyuma ya albamu na kukutana na jina la huyu Mwairishi. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya wachimbaji. Jibu likishatolewa mahali, hatulirudii. Tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Ya msingi

1. Jacknife Lee ni nani?

Ni prodyuza wa muziki kutoka Dublin, Ireland, aliyeanza kama mpiga gitaa wa bendi za panki. Jina lake halisi ni Garret Lee. Wengi hawamjui kwa jina wala kwa sura, lakini kazi yake wameisikia dukani, kwenye matatu, kwenye harusi na kwenye tamthilia za televisheni. "Chasing Cars" ya Snow Patrol ni mkono wake. Albamu za U2, R.E.M., The Killers, Weezer, Robbie Williams na Taylor Swift zina jina lake pia, kwingine kwa albamu nzima, kwingine kwa wimbo mmoja tu.

2. Jina linaandikwaje?

Jacknife, kwa k moja tu kabla ya n. Garret ni kwa t moja. Ukiongeza k ya pili unapotafuta mtandaoni, utaletewa visu vya kukunja, maana ndivyo neno "jackknife" linavyomaanisha kwa Kiingereza.

3. Je, yeye na Snow Patrol wametoka sehemu moja?

Hapana, ingawa watu huwaweka kapu moja. Lee ni wa Dublin, mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland. Waanzilishi wa Snow Patrol walitoka Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na bendi yenyewe walianzisha Dundee, Uskoti, mwaka 1994 wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu.

4. Prodyuza wa roki anafanya nini hasa? Ndiye anayetengeneza biti?

Mara nyingi sivyo. Kwa sisi tuliokulia kwenye Bongo Fleva, prodyuza ni yule anayekaa na mashine, anapika biti, kisha msanii anaingia kuweka sauti. Bendi ya roki huja studio ikiwa na wapigaji wake na nyimbo zake. Kazi ya prodyuza ni kuamua: nyimbo ishirini zilizoletwa, zibaki zipi? Ubeti wa tatu una faida gani? Dramu ziingie sasa au zisubiri kiitikio? Huyu mwimbaji arudie mara ya kumi au ile ya kwanza, yenye kasoro, ndiyo yenye roho? Juu ya hayo yote kuna kazi isiyoandikwa kwenye mkataba, nayo ni kupatanisha wanabendi wasioongea.

Lee yuko katikati ya aina hizi mbili. Anaamua kama prodyuza wa roki, lakini pia anapiga gitaa na kibodi, anapanga midundo kwenye kompyuta na mara nyingine anatunga (soma namba 16). Tabia hiyo ya kuingia ndani kama mwanabendi wa ziada ndiyo inayomtofautisha na wenzake wengi.

## Enzi za bendi

5. Alipigia bendi gani?

Mbili zinajulikana. Ya kwanza ni Thee Amazing Colossal Men, iliyotoa albamu *Totale* mwaka 1990. Hiyo ilipokwisha, yeye na wenzake Josephmary, mwimbaji, na Sid Rainey, mpiga besi, wakaungana na mpiga dramu kutoka Uholanzi, Jan-Willem Alkema, wakaunda Compulsion jijini London. Compulsion walitoa *Comforter* mwaka 1994 na *The Future Is Medium* mwaka 1996, kisha wakasambaratika.

6. Kwa nini Compulsion hawakufika mbali?

Kwa maoni yetu, wakati uliwapita mbavuni. Mwanzoni mwa 1994 magazeti ya muziki ya Uingereza yalikuwa yakishabikia kundi la bendi za panki mpya, Compulsion wakiwamo. Kabla mwaka haujaisha, Blur walikuwa wametoa *Parklife*, Oasis wametoa *Definitely Maybe*, na kila lebo ikataka vijana wa Kiingereza wenye nyimbo za kuimbwa baa nzima. Wairishi watatu na Mholanzi mmoja wanaopiga kelele za hasira hawakuwa na pa kukaa kwenye picha hiyo. *Comforter* bado inasikilizika vizuri, lakini haikuwalipa kodi ya nyumba.

7. Bendi ilipovunjika aliingia uprodyuza moja kwa moja?

Hapana, na kipindi hiki kifupi ndicho kinachoeleza kila kilichofuata. Mpiga gitaa wa panki aligeukia muziki wa kielektroniki, akajiita Jacknife Lee na mwaka 1999 akatoa albamu *Muy Rico!* kupitia Pussyfoot, lebo ya Mskoti Howie B. Sambamba na hilo alifanya remiksi za nyimbo za watu wengine.

Remiksi ni shule ngumu. Unapewa wimbo uliokamilika na unalazimika kujiuliza ni kitu gani ndani yake kisichoweza kuondolewa. Mara nyingi ni sauti ya mwimbaji, au mstari mmoja wa gitaa. Vingine vyote unaweza kuvitupa na wimbo ukabaki hai. Msikilize Lee kwenye kazi zake bora na utaona anafanya hivyohivyo hata akiwa na bendi kamili chumbani: anatafuta kile kisichotoka, anakiweka wazi, halafu anajenga upya kukizunguka.

## Kazi zilizomjenga

8. Snow Patrol walimfikiaje, na kwa nini inahesabiwa kuwa ndipo alipotokea?

Snow Patrol walikuwa na albamu mbili zisizouza, na mwaka 2001 lebo yao, Jeepster, ikawaacha. Walikuwa bendi isiyo na mdhamini. Lee alikuwa prodyuza asiye na jina. Waliokutana studio kutengeneza *Final Straw* hawakuwa na cha kupoteza. Albamu ilitoka Agosti 2003 kupitia lebo ya Fiction, na mwanzoni mwa 2004 "Run" ikaingia namba 5 kwenye chati ya Uingereza.

Isikilize "Run" ukiwa na sikio la fundi. Ubeti wa kwanza una vitu vichache mno: sauti ya Gary Lightbody, mwimbaji wa Snow Patrol, karibu na maikrofoni, gitaa la chini. Kiitikio cha kwanza hakikupi kila kitu ulichotarajia. Nafasi inaachwa, inaachwa tena, mpaka nyuzi na magitaa yanapofunguka yote na hakuna neno jipya lililoongezwa. Wimbo ni ule ule; kilichobadilika ni ukubwa wa chumba. Njia hiyo ikawa mtindo wa redio za Uingereza kwa miaka mingi, na wengi walioiga hawakuwa na subira ya ubeti wa kwanza.

Walibaki pamoja hadi *Wildness* ya 2018: *Eyes Open*, *A Hundred Million Suns* na *Fallen Empires* zote ni zake. Miaka kumi na mitano na prodyuza mmoja ni ndoa adimu kwenye biashara hii.

9. "Chasing Cars" ni kubwa kiasi gani kweli?

Kwenye chati haikuwahi kuwa namba moja: Uingereza ilifika namba 6, Marekani namba 5, mwaka 2006. Nguvu yake ilikuwa kudumu. Ilisikika kwenye kipindi cha mwisho cha msimu wa pili wa tamthilia ya Kimarekani *Grey's Anatomy*, na tangu hapo haikushuka redioni. Mwaka 2019 shirika la PPL, linalosimamia malipo ya rekodi Uingereza, lilitangaza kuwa ndio wimbo uliopigwa zaidi kwenye redio za nchi hiyo katika karne hii. Albamu yake, *Eyes Open*, ndiyo iliyouzwa zaidi Uingereza mwaka 2006.

10. Je, ndiye aliyeprodyuza albamu ya U2 yenye "Vertigo"?

Si peke yake. *How to Dismantle an Atomic Bomb* ya Novemba 2004 ilipita mikono mingi. U2 walianza na Chris Thomas, hawakuridhika, wakamrudisha Steve Lillywhite aliyewahi kuwatengenezea albamu zao za mwanzo, kisha wakaongeza wengine: Brian Eno, Daniel Lanois, Flood na Lee. Kwa hiyo anayesema "albamu ya U2 ya Jacknife Lee" anatia chumvi. Alirudi kwao kwenye *Songs of Experience* ya 2017, napo akiwa mmoja wa kundi.

11. Ana Grammy?

Ndiyo. *How to Dismantle an Atomic Bomb* ilishinda Albamu ya Mwaka kwenye tuzo za Februari 2006, na tuzo hiyo huenda pia kwa maprodyuza walioshiriki. Tuzo ya Prodyuza wa Mwaka ya usiku ule ilikwenda kwa Lillywhite, si kwa Lee. Hapa ndipo watu huchanganya.

12. R.E.M. walimtaka kwa sababu gani?

Kwa sababu walikuwa wamechoka. *Around the Sun* ya 2004 ilikuwa albamu ya polepole iliyorekodiwa kwa muda mrefu, na wenyewe baadaye hawakuficha kwamba haikuwapendeza. Walitaka mtu wa kuwaharakisha. The Edge, mpiga gitaa wa U2, ndiye aliyewapendekezea Lee.

Dawa iliyotumika ilikuwa ya kipanki. Kati ya mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 2007, R.E.M. walipanda jukwaa la ukumbi wa Olympia, Dublin, usiku tano, wakawapigia watu nyimbo ambazo hazijakamilika. Walisema wazi kuwa ni mazoezi. Wimbo unaolegea mbele ya watu unajulikana papo hapo, huhitaji kikao. Kisha wakarekodi haraka, na *Accelerate* ikatoka masika ya 2008 ikiwa na urefu wa chini ya dakika 35. Ilifika namba moja Uingereza. Rekodi za zile siku tano zilitoka 2009 kama *Live at the Olympia*, nazo kwa ladha yetu zina uhai kuliko albamu yenyewe.

Lee alitengeneza pia *Collapse into Now* ya Machi 2011. Miezi sita baadaye R.E.M. wakatangaza kuvunjika, kwa amani, kwa hiyo yeye ndiye prodyuza wao wa mwisho.

13. Grouse Lodge inayotajwatajwa ni nini?

Ni studio ya kulala humohumo, shambani, kaunti ya Westmeath, katikati ya Ireland. Snow Patrol na R.E.M. walifanyia kazi pale na Lee, na Bloc Party pia, kwa ajili ya *A Weekend in the City*. Michael Jackson naye alikaa pale mwaka 2006, ingawa hilo halimhusu Lee.

14. Orodha ya wengine?

Kwa ufupi: Editors (*An End Has a Start*, 2007, namba moja Uingereza), nyimbo kadhaa za albamu nyekundu ya Weezer (2008), sehemu ya *Far* ya Regina Spektor (2009), The Cars walipoungana tena (*Move Like This*, 2011), Silversun Pickups, Robbie Williams (*Take the Crown*, 2012, yenye "Candy"), Two Door Cinema Club kwa albamu kadhaa, Modest Mouse (*The Golden Casket*, 2021, pamoja na Dave Sardy). *Wonderful Wonderful* ya 2017 iliwapa The Killers namba moja yao ya kwanza kwenye chati ya albamu ya Billboard, ile ya Marekani.

15. Taylor Swift anaingiaje hapa?

Kwa wimbo mmoja, "The Last Time", kwenye *Red* ya 2012. Ni wa watu wawili kuimba, Swift na Gary Lightbody, na waliutunga watatu: wao na Lee. Swift aliporekodi upya *Red* mwaka 2021, Lee aliurudia wimbo huo pia.

16. Kwa hiyo anatunga? Na analipwaje?

Anatunga pale anapoingia kwenye utunzi, si kila mahali. Kwa kawaida prodyuza hulipwa ada ya kazi pamoja na asilimia ya mrabaha wa rekodi. Akiwa mtunzi anapata fungu jingine kabisa, la utunzi, linaloingia kila wimbo unapopigwa redioni au kurekodiwa na mwingine. Leona Lewis alipoiimba "Run" mwaka 2008 ikawa namba moja Uingereza, fungu lililofurahi ni la watunzi. Rekodi ya Snow Patrol ilikuwa nyingine, kwa hiyo fungu la rekodi hiyo halikuguswa. Vijana wanaosaini makaratasi studio bila kutenganisha mafungu haya mawili hulia baadaye.

## Upande wa Afrika

17. Ni kweli alifanya albamu na mwimbaji wa Mali ambaye walikuwa hawajawahi kuonana?

Ni kweli. *BAMANAN* ya Rokia Koné na Jacknife Lee ilitoka Februari 2022 kupitia lebo ya Real World. Rokia, anayeimba kwa Kibambara, alijulikana kwanza Bamako na kisha kupitia kundi la Les Amazones d'Afrique. Rekodi za sauti yake na wanamuziki wake zilimfikia Lee nyumbani Topanga, milima ya pembeni ya Los Angeles, kipindi cha korona. Hawakuwa na lugha ya pamoja, na kazi yote ilikamilika bila kukaa chumba kimoja.

Hapa mafunzo ya namba 7 yanaonekana bila pazia. Mtego wa kazi za namna hii unajulikana: Mzungu anachukua sauti ya Kiafrika, anaitandikia dramu nzito za klabu chini, basi imeitwa ya kisasa. Lee mara nyingi alifanya kinyume. Aliiacha sauti mbele, gitaa la Salif Koné likaendelea kujibizana nayo, na sinthesaiza zikakaa nyuma. "N'yanyan" karibu haina kitu zaidi ya sauti na kibodi. Mtu asiyejua neno la Kibambara anajua kwamba anasikiliza jambo zito. Kwetu hii ndiyo kazi yake bora, kuliko ya bendi yoyote kubwa.

18. Ndiye yule Mwairishi wa Les Amazones d'Afrique na Mbongwana Star?

Nusu ndiyo. Kuna Wairishi wawili, na huchanganywa sana. Albamu mbili za kwanza za Les Amazones, *République Amazone* (2017) na *Amazones Power* (2020), ni za Doctor L, yaani Liam Farrell, mzaliwa wa Dublin aliyekulia Paris, mpiga dramu aliyegeuka prodyuza. Huyo ndiye pia aliyekuwa na Mbongwana Star wa Kinshasa kwenye *From Kinshasa* (2015), pamoja na Coco Ngambali na Theo Nzonza waliotoka bendi ya Staff Benda Bilili, na kabla ya hapo alifanya kazi na Tony Allen, aliyekuwa mpiga dramu wa Fela Kuti. Jacknife Lee aliingia kwenye albamu ya tatu, *Musow Danse* (2024), akiwa na Mamani Keïta, Fafa Ruffino, Kandy Guira, Dobet Gnahoré, Alvie Bitemo na Nneka.

19. Real World si ndiyo lebo ya Remmy Ongala?

Ndiyo hiyo, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Dk. Remmy na Orchestre Super Matimila walitoa huko *Songs for the Poor Man* mwaka 1989 na *Mambo* mwaka 1992. Ayub Ogada wa Kenya alipitia hapo, na Geoffrey Oryema wa Uganda pia, ambaye *Exile* yake ya 1990 iliprodyuzwa na Brian Eno yule wa namba 10. Lee hakuhusika na yoyote kati ya hizo. Wakati Remmy anarekodi, yeye alikuwa bado anahangaika na bendi.

## Maswali ya wachimbaji

20. Wanaosema kazi zake zote zinafanana wana haki?

Kwa miaka ya 2006 hadi 2009, wana hoja. Magitaa yamejazwa mpaka ukutani, kila kiitikio kinataka uwanja wa mpira, na sauti imebanwa juu kiasi kwamba ukiisikiliza *Accelerate* kwa vipokea sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho masikio yanaomba maji. Ilikuwa homa ya kipindi kile, si yake peke yake, lakini alikuwa mmoja wa waliouza mtindo huo. Tangu alipohamia Topanga na kufanya zaidi kazi za wasanii wasiotafuta chati, amejifunza tena kuacha nafasi.

21. Bado anapiga mwenyewe?

Ndiyo, na zaidi kuliko zamani. Mwaka 2020 alitoa *The Jacknife Lee*. Kisha akaunda Telefís na Cathal Coughlan wa Cork, aliyekuwa mwimbaji wa Microdisney na The Fatima Mansions. Waliikejeli Ireland ya utotoni mwao, nchi ya mapadri na televisheni moja ya taifa, juu ya midundo ya kielektroniki. *a hAon* ilitoka 2022. Coughlan akafariki Mei mwaka huohuo, na *a Dó* ikatoka baada ya kifo chake. Mwaka 2023 Lee alitoa *Los Angeles* pamoja na wapigaji wawili wa zamani wa roki ya Uingereza, Lol Tolhurst wa The Cure na Budgie wa Siouxsie and the Banshees.

22. Lonnie Holley ni nani, na kwa nini anatajwa naye?

Ni msanii Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Birmingham, Alabama, mwaka 1950, anayechonga sanamu kutokana na vitu vilivyotupwa na kuimba maneno yanayomjia papo hapo. Lee aliprodyuza *Oh Me Oh My* (2023) na *Tonky* (2025). Ya kwanza ina "Mount Meigs", kuhusu shule ya kurekebisha watoto Weusi alikoteswa utotoni. Michael Stipe, mwimbaji wa R.E.M., anaimba kwenye albamu hiyo, na Rokia Koné pia. Hapo ndipo miaka ya namba 12 na ya namba 17 ilipokutana kwenye albamu moja.

23. Nasikia Lanois na Lillywhite nao ni Wairishi?

Lanois ni Mkanada, Lillywhite ni Mwingereza. U2 wamewafanya waonekane wa nyumbani. Ukitaka Mwairishi mwingine aliyetoka kupiga hadi kuprodyuza, mtafute Dónal Lunny, wa Planxty, The Bothy Band na Moving Hearts, ambaye kwenye muziki wa asili wa Ireland ana uzito kuliko Lee.

24. Nina saa moja tu. Nisikilize nini?

"Run" kwanza, kwa vipokea sauti, si kwa spika ya simu. Kisha nyimbo mbili tatu za *Live at the Olympia*. "Mount Meigs" usiisikilize ukiendesha gari. Muda uliobaki wote upe *BAMANAN*, na kama saa ni chache kuliko ulivyodhani, ruka moja kwa moja hadi hapo.